Kuitazama siku mbele ya Mungu



Ndugu wapendwa, Mkristu aliyebatizwa hujua sala zake na amri za Mungu, na siku ya Dominika huenda kanisani hata kama ni mwendo wa saa tatu kwa miguu. Walakini wengi humwendea katekista wakiwa na moyo mzito, wakisema: «Mwalimu, nilipopata ubatizo nilikuwa na furaha nyingi. Sasa nasali, lakini moyo wangu ni mkavu kama kijito wakati wa kiangazi. Je, Mungu ameniacha?»

Ulizo hilo si dogo. Mtu asiyepata jibu lake huanza kuacha sala ya jioni, baadaye huacha Misa, na siku mtoto wake atakaposhikwa na homa kali, huenda miguu yake ikampeleka mlangoni kwa mpiga ramli. Ndiyo maana leo twataka kueleza dawa moja ya zamani, isiyonunuliwa kwa fedha, inayoweza kutumiwa hata na Mkristu anayekaa mbali na padri. Dawa yenyewe ni kuitazama siku mbele ya Mungu.

Aliyetufundisha njia hiyo vizuri ni Mtakatifu Inyasi wa Loyola. Mwezi wa Mei mwaka 1521 alikuwa askari huko Hispania, akiilinda ngome ya mji wa Pamplona, Wafaransa walipoushambulia. Risasi ya mzinga ikampiga mguuni na kumvunja mfupa. Akachukuliwa nyumbani kwao Loyola. Waganga waliuunga mfupa vibaya, ikawabidi kuuvunja tena. Kisha wakakata kipande kilichotokeza chini ya goti, kwa sababu yeye mwenyewe alitaka mguu uingie vizuri katika kiatu kirefu cha kibwana. Mwaona kwamba hakuwa bado mtakatifu. Alikuwa mtu wa kujipamba.

Alilala kitandani kwa miezi mingi. Aliomba vitabu vya hadithi za mashujaa wa vita, lakini nyumbani havikuwako. Wakampa kitabu cha maisha ya Kristu na kingine cha habari za watakatifu. Basi mawazo ya namna mbili yakawa yanapokezana moyoni mwake. Mara aliwaza kwa saa nyingi jinsi atakavyompendeza bibi mmoja wa ukoo mkubwa. Mara aliwaza kutenda kama Mtakatifu Fransisko na Mtakatifu Dominiko. Mawazo yote mawili yalikuwa matamu kwa wakati wake. Lakini siku moja akatambua tofauti: yale ya kwanza yalipokwisha yalimwacha mkavu na mwenye uchungu, na yale ya pili yalipokwisha, furaha ilibaki.

Fahamuni vema jambo hilo. Utamu wa mwanzo haukumjulisha kitu; ladha iliyobaki ndiyo iliyomfundisha. Pombe nayo ni tamu jioni, na asubuhi kichwa husema neno lingine. Vivyo hivyo maneno ya kumsengenya jirani hutuchekesha barazani, lakini tukirudi nyumbani twasikia moyo umechafuka. Na kazi ya kumchotea maji kikongwe asiye na watoto hutuchosha mgongo, halafu usiku twalala kwa amani, wala hatujui kwa nini. Mungu alikuwa akisema nasi katika mambo hayo yote mawili. Sisi ndio tuliopita bila kusikiliza.

Baadaye Inyasi aliandika kitabu kiitwacho Mazoezi ya Kiroho, ambacho Papa Paulo III alikikubali mwaka 1548. Humo aliweka njia ya kuchunguza dhamiri yenye hatua tano, nayo yafaa kwa robo saa tu jioni.

Hatua ya kwanza ni kushukuru, nayo ndiyo wengi wanayoiruka. Wakisikia neno «kuchunguza dhamiri» hukimbilia kuhesabu dhambi, kama mdaiwa anayeitwa na mwenye mali yake. Inyasi hakufundisha hivyo. Kwanza utafute mema uliyopewa tangu jogoo alipowika: mvua iliyonyesha juu ya mihogo, jirani aliyerudisha jembe bila kukumbushwa, mtoto aliyekula baada ya siku mbili za kukataa chakula. Uyataje moja moja, kwa majina yake. Mtu aliyekuwa akisema «Mungu ameniacha» mara nyingi husita hapo, kwa maana huona kwamba alipewa vitu saba au nane tangu asubuhi asivipokee kama zawadi.

Kisha umwombe Roho Mtakatifu mwanga, kama mtu awashaye taa kabla ya kutafuta kitu kilichoanguka nyumbani. Halafu uipitie siku yako, asubuhi mpaka jioni, ukiangalia mawazo, maneno na matendo. Wapi palikuwa na amani? Wapi palibaki uchungu? Tuseme wewe na ndugu yako mligombana juu ya mpaka wa shamba. Wakati wa ugomvi ulijiona mwenye haki kabisa. Sasa, mbele ya Mungu, labda waona kwamba haki ya mpaka ilikuwa yako kweli, lakini lile tusi juu ya mama yake halikuwa na haki yoyote. Hivyo ndivyo mwanga unavyokuja, kidogo kidogo, juu ya jambo lako mwenyewe. Ukiisha kuona, uombe msamaha, na uazimie kwa ajili ya kesho neno moja tu. Anayeazimia maneno kumi hatashika hata moja.

Inyasi aliongeza shauri jingine kwa watu wenye moyo mkavu: wakati wa giza usibadili azimio jema uliloliweka wakati wa mwanga. Ukiwa na huzuni usiamue kuacha ukatekumeni, wala kuvunja ndoa yako, wala kuvua msalaba shingoni. Subiri, uzidishe sala kidogo. Mtu asafiriye mwituni, usiku ukimkuta, hakati njia mpya gizani.

Katika nchi yetu ya Kongo tunaye Mwenye heri Maria Klementina Anuarite Nengapeta. Alizaliwa mwaka 1939 katika sehemu za Wamba, akaweka nadhiri mwaka 1959 kwa Masista wa Jamaa Takatifu huko Bafwabaka. Alikuwa na daftari ambamo aliandika maazimio yake na maneno mafupi ya sala. Kazi zake zilikuwa kama za wengine: kufundisha watoto, kupika, kutunza vitu vya kanisa. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba 1964, huko Isiro, mji ulioitwa Paulis wakati ule, kanali mmoja wa waasi alitaka kumchukua kwa nguvu. Alikataa, akapigwa na kuuawa, naye akasema kwamba anamsamehe. Papa Yohane Paulo II alimtangaza mwenye heri mjini Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985. Nguvu ya usiku ule haikuota usiku ule. Ilikuwa imepandwa zamani, jikoni na darasani, siku ambazo hakuna aliyezitazama ila yeye na Mungu wake.

Ulizo: Asiyejua kuandika afanyeje? Jibu: Daftari si lazima. Aseme maneno yake kwa Mungu kimoyomoyo, au mume na mke wayaseme pamoja kabla ya kuzima taa.

Ulizo: Nikishikwa na usingizi kabla ya kumaliza, je, nimetenda dhambi? Jibu: La. Lakini kesho uanze mapema zaidi, wakati chungu kingali motoni. Wala usijaribu kulipa siku iliyokupita. Anza na ile uliyo nayo.