Ulinunua apu na sasa haipatikani Play Store? Tulia, hii ndiyo njia ya kuirudisha

Uko na gemu ulinunua kitambo, doo yako mwenyewe ikatoka kwa M-Pesa. Siku moja simu inaanguka, kioo kinaenda, unachukua ingine. Unaingia Play Store kuitafuta, na wapi! Badala yake unaletewa feki kumi zenye jina karibu sawa. Tulia buda. Mara nyingi hiyo apu bado ni yako, ni vile tu unaitafutia mahali si pake.

Ukweli ni kwamba mwenye kutengeneza apu akiitoa sokoni mwenyewe, wanaofungiwa ni wateja wapya. Wewe uliyelipa bado unatambulika kwa akaunti yako. Kwa hivyo achana na kutafuta jina. Fungua Play Store, bonyeza picha yako pale juu kulia, ingia sehemu ya kusimamia programu na kifaa, kisha uangalie zile ambazo haziko kwa simu kwa sasa. Watu wa iPhone, bonyezeni picha yenu ndani ya App Store muende kwa orodha ya mlizonunua. Ukiona kale kawingu kenye mshale, umeokoka.

Sasa shida kubwa ya mtaani: akaunti. Wengi wetu tulifunguliwa Gmail na jamaa wa duka la simu, na kila simu mpya ikaja na Gmail mpya. Apu uliyonunua imekwama kwa ile ya zamani, si hii ya leo. Habari njema ni kwamba simu moja ya Android inabeba akaunti kadhaa, so rudisha ile ya kitambo na ubadilishe akaunti ndani ya Play Store. Kama neno la siri ulisahau na laini iliyosajiliwa ulishaitupa, hapo ni noma. Weka namba yako ya sasa leo, kabla mambo hayajaharibika.

Kuna wakati hata orodha haisaidii. Wenye soko wakiifukuza apu wenyewe, kawingu kanaweza kupotea kabisa. Mnakumbuka Fortnite? Agosti 2020 Epic Games waliweka njia yao ya kulipia, na siku hiyo hiyo Apple na Google wakaitoa. Waliokuwa nayo kwa iPhone walibaki nayo, lakini bila toleo jipya. Flappy Bird nayo ilitolewa na Dong Nguyen, jamaa wa Vietnam aliyeitengeneza, Februari 2014, na watu wakaanza kutangaza simu zenye hiyo gemu kwa eBay kwa maelfu ya dola. Na ilikuwa ya bure!

Halafu kuna apu ambazo simu yenyewe inazikataa. iOS 11 ilipokuja 2017, apu zote za biti 32 zilikufa kwa iPhone, hata kama ulilipia. Kama uko na simu mzee na bado inafungua gemu unayoipenda, usiguse kitufe cha kusasisha.

Angalia pia kile kitu kinatoa apu usizotumia ili kuokoa nafasi. iPhone iko nacho, Play Store pia. Apu ikishatolewa hivyo na sokoni haipo, unaweza kukosa kuirudisha. Kizime.

Kuhusu zile APK za kutumiwa kwa WhatsApp, mimi sizitaki. Apu nyingi za kulipia huuliza Google kama kweli ulinunua, na siku hizi nyingi hushushwa vipande vipande, faili moja haitoshi. Na hujui nani aliingiza nini ndani.

California angalau wameona huu mchezo. Tangu Januari 2025, duka la mtandaoni haliwezi kukuandikia “nunua” bila kukuambia wazi kwamba unapewa tu ruhusa ya kutumia. Huku kwetu, kabla umpatie fundi simu afute kila kitu, muulize kwanza kama kioo kinaweza kurekebishwa bila kufuta.