Kulinganisha vipindi: lugha ya taarifa za huduma kwa wateja

1. Utangulizi

Mjini Lubumbashi, mara nyingi taarifa za kazi huandikwa kwa Kifaransa, kisha wakubwa huwaeleza wafanyakazi matokeo yake kwa Kiswahili. Hapo ndipo karani anayepokea malalamiko ya wateja husifiwa au hukaripiwa. Iwapo mlinganisho ni mbovu, au maneno yanayoueleza hayakupimwa, karani huyo atabeba kosa la kalenda au la kihusishi. Makala hii fupi inakusudia kuonyesha jinsi ya kuyaepuka yote mawili.

2. Vipindi na kalenda

Kulinganisha ni kuyaweka sawa mambo yote isipokuwa lile linalopimwa. Tutoe mfano ambao hesabu yake ya malalamiko ni ya kubuni, lakini kalenda yake ni ya kweli. Tuseme idara moja ilipokea malalamiko 380 mwezi wa Januari 2024, na 420 mwezi wa Februari. Mwandishi wa taarifa ataona ongezeko la asilimia 10 na zaidi. Tena, kwa kuwa Februari ni mwezi mfupi, atashtuka.

Lakini Januari ile, tukiondoa Jumamosi na Jumapili, ilikuwa na siku 23, na sikukuu nne za taifa ziliangukia humo: tarehe 1, 4, 16 na 17. Zilibaki siku 19 za kazi. Februari, iliyokuwa na siku 29 mwaka ule, ilikuwa na siku 21 za kazi. Tukigawanya 380 kwa 19 tunapata 20. 420 kwa 21 ni 20 vilevile. Hakuna kilichobadilika.

Kwa hiyo taarifa itaje idadi ya siku za kazi na idadi ya wateja kwa kila kipindi. Aidha, mwezi ulinganishwe pia na mwezi uo huo wa mwaka uliotangulia, maana majira ya mvua na ya kiangazi huweza kuleta malalamiko tofauti.

3. Wastani

Wateja watano walijibiwa baada ya saa 2, 2, 3, 3 na 40. Wastani ni saa 10, ingawa wanne kati yao hawakungoja zaidi ya saa 3. Yafaa kutaja pia muda ulio katikati ya orodha, yaani saa 3, na kumchunguza peke yake yule aliyengoja saa 40.

4. «Kwa» na «hadi»

Tuseme malalamiko yanayojibiwa siku ile ile yalikuwa 40 katika kila 100, na sasa ni 50.

(a) Kiwango kimepanda hadi asilimia 50.
(b) Kiwango kimepanda kwa asilimia 25.

Sentensi zote mbili ni za kweli. «Hadi» hutaja mahali tulipofika. «Kwa» hutaja hatua tuliyopiga, na 10 ni robo ya 40. Anayesema «kwa asilimia 50» amekosea. Anayetaka kutaja tofauti ya 10 aseme «kwa pointi 10».

5. Hitimisho

Wanafunzi wetu wengi watakuwa wafasiri wa taarifa kama hizi. Wasitosheke kufasiri tarakimu. Waulize kwanza inalinganishwa na nini, kwa siku ngapi, kisha ndipo wachague kihusishi.