Lebo na Jedwali: Madai Mapya, Tatizo Kongwe

Wahenga walinena kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Kauli hii yaoana na madai yaliyoenezwa na kampuni za kompyuta baada ya XML, lugha ya kutia matini lebo, kuidhinishwa Februari 1998. Ilidaiwa kuwa data yenye lebo hujieleza yenyewe, na kwamba hifadhidata za majedwali, zilizotokana na nadharia ya Edgar Codd ya mwaka wa 1970, zingepitwa na wakati. Yafaa madai haya yapimwe mahali ambapo kumbukumbu ikikosewa mtu hulala njaa.

Mahali pamoja ni Kakuma, Turkana, ambako kambi ya wakimbizi ilianzishwa mwaka wa 1992 na mgao wa chakula hutegemea usajili. XML hupanga data kama mti: kila tawi hushikwa na tawi moja tu lililo juu yake. Chukulia mtoto aliyeandikishwa katika kaya ya shangazi yake. Mtoto huyo pia ni mwanafunzi kambini, na hutibiwa Lodwar, umbali wa takriban kilomita 120. Je, awekwe kwenye tawi lipi? Akinakiliwa katika yote matatu, siku atakapohamia kaya nyingine nakala moja itarekebishwa na nyingine isahauliwe. Huenda akahesabiwa mara mbili, au asihesabiwe kabisa.

Katika modeli ya Codd, mtoto huandikwa mara moja na kupewa nambari. Majedwali ya kaya, shule na matibabu huirejelea nambari hiyo. Akihama, hubadilishwa mstari mmoja. Ni kweli kwamba XML nayo yaweza kubeba marejeleo, lakini hapo huwa inaazima mbinu ya jedwali. Wala mti si jambo jipya: IMS ya kampuni ya IBM iliutumia tangu mwaka wa 1968, na Codd aliukosoa mpangilio huo.

Aidha, lebo haijielezi. Lebo ya "jina la ukoo" haiiambii mashine kwamba, kwa kawaida, jina la tatu la Msomali ni la babu yake. Maana hutokana na makubaliano ya watu.

Hata hivyo, XML ina nafasi yake. Shairi lenye beti na mishororo, au kidahizo cha kamusi, lina umbo la mti. Vilevile, hufaa kupitisha taarifa baina ya mifumo. Lakini kabla ya kuifanya ghala la kumbukumbu, ofisi iliyoko Lodwar au Kakuma haina budi kuuliza: mtu mmoja ataandikwa mara ngapi?