Ndugu Wawili Waliowaimbia Ndugu Wawili

Wanangu, sogeeni. Leo nina habari za santuri moja iliyotoka Marekani mwaka 1960, na za jozi mbili za ndugu: walioimba ndani yake, na walioimbiwa. Majina ni manne, yashikeni sasa yasije yakawapotea njiani. Wakubwa ni Alton na Rabon Delmore. Wadogo ni Ira na Charlie Louvin. Wote wanne ni watu wa kaskazini ya jimbo la Alabama, wote ni watoto wa wakulima, na hakuna hata mmoja aliyezaliwa penye pesa.

Naanza na wadogo, maana wana kisa cha kuchekesha. Baba yao alijivunia mno sauti za wanawe. Mgeni akibisha hodi tu, watoto wanaitwa waje waimbe. Nao walikuwa na haya, hawawezi kabisa kusimama mbele ya watu wakatazamwa midomo. Mzee akisema imbeni, hakuna kukataa. Basi wakajipatia dawa yao: waliingia uvunguni mwa kitanda, wakaimba humo humo. Mgeni amekaa kwenye kiti chake, anasikia sauti mbili nzuri zinatoka chini ya kitanda, waimbaji haoni.

Jina la ukoo wao hasa lilikuwa Loudermilk. Watu wengi lilikuwa likiwashinda kulitamka na kuliandika, kwa hiyo walipoanza kuimba kwa riziki walilifupisha likawa Louvin. Ira alizaliwa mwaka 1924, Charlie mwaka 1927, wakakulia Henagar, juu ya mlima unaoitwa Sand Mountain. Msiuwazie mlima wenye ncha na theluji. Huu ni mpana, na huko juu ni tambarare, watu wanalima. Pamba ilichumwa kwa mkono, na mikono ya watoto ilihesabiwa.

Kanisani huko mlimani watu waliimba kutoka kitabu kinachoitwa The Sacred Harp, kilichochapwa mara ya kwanza mwaka 1844. Noti zake hazifanani na zile mnazoziona kwenye vitabu vya kwaya. Ya pembetatu ni fa, ya duara ni sol, ya mraba ni la, yenye umbo la almasi ni mi. Asiyejua kusoma muziki anatazama umbo, anaimba. Waimbaji wanakaa pande nne wakitazamana, kila upande na sauti yake, na kiongozi anasimama katikati. Hakuna kinanda wala ngoma. Hakuna pia anayenong'ona: huko mtu anaitoa sauti yote aliyopewa na Mungu, kali, nyembamba, ya kupasua hewa. Ira na Charlie walilelewa katika kelele hiyo takatifu, na haikuwatoka maisha yao yote.

Sasa napunguza mwendo kidogo, kwa sababu hapa ndipo penye utamu.

Watu wawili wanaimbaje wimbo mmoja kwa sauti mbili? Mmoja anashika sauti kuu, ile ambayo ukiupigia wimbo mluzi njiani ndiyo unayoipiga. Wa pili anapanda juu yake: mwenzake akiwa kwenye do, yeye yuko kwenye mi. Kisha wanakwenda sambamba, maneno yaleyale, wakati uleule. Kuanza si kazi, jaribuni wenyewe mtaona. Kazi ni kubaki. Mmoja akilivuta neno zaidi kidogo kuliko mwenziwe, msikilizaji anasikia watu wawili waliokutana. Wakilianza pamoja na kulimaliza pamoja, kuna mlio mwingine unaotokea kati yao ambao hakuna kati yao anayeuimba. Ndugu wa tumbo moja hupata jambo hili kwa urahisi zaidi, maana wamejifunza kusema kwa mama mmoja, na irabu zao ni zile zile.

Ira alikuwa wa juu, Charlie wa sauti kuu. Lakini wimbo ukifika mahali ambapo sauti kuu inampanda Charlie mno, Ira aliipokea yeye, na Charlie akashuka kuimba chini yake. Hili lilitokea katikati ya mstari, bila kukonyezana. Charlie, alipokuwa mzee, alisema hawakuwa na haja ya kuambiana. Kila mmoja alijua mwenzake anakwenda wapi. Mimi nimesikiliza mara nyingi nikitafuta mahali wanapobadilishana, na mara nyingi wananipita.

Hao ndio wadogo. Kabla yao walikuwepo wakubwa.

Alton Delmore alizaliwa mwaka 1908, Rabon mwaka 1916, huko Elkmont. Mama yao alikuwa mtunzi wa nyimbo za dini, na Alton alijua kusoma na kuandika muziki tangu ujana, jambo la nadra kwa wapiga gitaa wa mashambani. Yeye alipiga gitaa la kawaida la nyuzi sita, mdogo wake alipiga gitaa dogo la nyuzi nne.

Mwaka 1933 akina Delmore waliingia katika Grand Ole Opry, kipindi cha redio ya WSM ya mjini Nashville kilichorushwa kila Jumamosi usiku na kusikika majimbo mengi. Humo ndimo familia nyingi za wakulima zilimopata nyota wao, na familia ya akina Loudermilk ilikuwa mojawapo ya zilizotega masikio. Katika kipindi hicho alikuwemo pia DeFord Bailey, Mmarekani mweusi, fundi wa harmonika, ambaye alizunguka na akina Delmore kwenye maonyesho katika zama ambazo hoteli nyingi za Kusini hazikumpa mtu mweusi hata kitanda. Muziki wenyewe wa akina Delmore ulikuwa umejaa bluzi, muziki wa watu weusi, na wala hawakuficha.

Akina Delmore waliimba kwa upole. Zamani mwimbaji wa jukwaani alilazimika kupiga kelele ili wa nyuma wasikie. Kipaza sauti kilipokuja, Alton na Rabon walielewa haraka kuliko wengi kwamba sasa mtu anaweza kuimba kama anayesema na jirani yake barazani, na nchi nzima ikamsikia.

Walikuwa na nyimbo za kuchekesha pia. Uliowapa jina zaidi kati ya hizo unaitwa "Brown's Ferry Blues", umechukua jina la kivuko kwenye mto Tennessee karibu na kwao. Ukienda hapo leo utakuta kituo cha umeme wa nyuklia, nacho kinaitwa Browns Ferry. Lakini uliovuma kuliko nyimbo zao zote ni "Blues Stay Away from Me", ambao ulitoka mwaka 1949 na kufika namba moja katika chati ya muziki wao wa kantri. Ulitungwa na watu wanne: ndugu hawa wawili, Wayne Raney mpiga harmonika, na Henry Glover, mtayarishaji na mtunzi mweusi aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni iliyotoa santuri zao. Kwa Marekani ya mwaka ule, meza ya watunzi ya namna hiyo haikuwa jambo la kila siku.

Kisha mauti yakaingia. Rabon aliugua saratani ya mapafu, akafariki tarehe 4 Desemba 1952, siku moja baada ya kutimiza miaka 36. Nani ataimba sauti ya pili? Alton hakuweza kuanza upya na mtu mwingine. Aliishia Huntsville, Alabama, akifundisha gitaa na kufanya kazi za hapa na pale ili aishi.

Na hapo ndipo wadogo wanaporudi.

Kufikia mwaka 1960 Ira na Charlie nao walikuwa nyota wakubwa. Waliingia Grand Ole Opry mwaka 1955, na mwaka uliofuata wimbo wao "I Don't Believe You've Met My Baby" ukafika namba moja. Lakini zama zilikuwa zimegeuka. Vijana walitaka roki. Ken Nelson, mtayarishaji wao katika kampuni ya Capitol, alifika mahali akamwambia Ira kwamba mandolini aliyokuwa akiipiga, kile chombo kidogo cha nyuzi, ndiyo inayozuia santuri zisiuzwe. Fikirini: fundi wa mandolini anaambiwa hivyo! Neno hilo lilimchoma Ira, na kwa muda akakiweka pembeni chombo chake.

Katika hali kama hiyo, mtu mwenye akili ya biashara angetafuta gitaa la umeme na ngoma nyingi. Wao walitoa albamu ya nyimbo 12 za kuwaenzi akina Delmore: mmoja alikuwa kaburini karibu miaka minane, na mwingine kasahauliwa na wengi. Mimi naona ni uamuzi wa kishujaa, ingawa mhasibu angeuita kwa jina jingine. Na Alton alikuwa bado hai. Alifariki mwaka 1964. Waliotangulia wengi huimbiwa wakiwa hawasikii. Yeye aliimbiwa masikio yakiwa wazi.

Lakini kulikuwa na tatizo. Wenye sauti ya kupasua hewa wanawaimbiaje waliokuwa wakiimba kwa upole? Wangeweza kujaribu kuiga, kushusha sauti, kunong'ona kama Alton. Hawakufanya hivyo. Ira alipanda juu kulekule alikozoea, na nyimbo za barazani zikapata ukali wa kanisa la mlimani. Katika "Gonna Lay Down My Old Guitar" jambo hili linafaa ajabu: wimbo unakuwa na huzuni ambayo akina Delmore waliigusa kidogo tu. Katika "Brown's Ferry Blues", kwa masikio yangu, wakubwa bado wanaongoza, kwa sababu utani wao ulitaka sauti ya mtu aliyekaa amekunja miguu, na akina Louvin hawakujua kuimba wakiwa wamekaa hivyo. Halafu kuna "Sand Mountain Blues". Akina Delmore waliuimba mlima wa jirani. Akina Louvin walipouimba, ulikuwa mlima wa kwao, wenye shamba la baba yao na uvungu wa kitanda chao.

Sitawaficha kwamba ndugu hawa waliopatana hivyo kwenye wimbo hawakupatana maishani. Ira alikuwa mlevi mwenye hasira, na mandolini iliyokataa kukaa sawa aliwahi kuivunja mbele ya watu. Wazee wetu walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Wakipatana, chukua kapu ukavune. Charlie alilima miaka mingi akingoja kuvuna. Mwaka 1963 akachoka, wakaachana. Mwaka 1965 Ira alifariki katika ajali ya gari huko Missouri, akiwa na miaka 41. Charlie aliendelea kuimba peke yake hadi alipofariki mwaka 2011. Wapo waliosimulia kwamba hata akiwa peke yake jukwaani alisogea kando kidogo ya kipaza sauti ikifika sehemu ya kuimba wawili, akimwachia nafasi kaka yake.

Walioenzi nao wakaenziwa. Mwaka 1975 Emmylou Harris alivuma kwa wimbo wao "If I Could Only Win Your Love". Mwaka 2003 ilitoka albamu ya nyimbo zao iliyoimbwa na wasanii wengi, akiwemo Dolly Parton, na mwaka uliofuata ikapata tuzo ya Grammy ya albamu bora ya kantri.

Ukumbi wa heshima wa muziki wa kantri uko Nashville, na kuingizwa humo ndiyo heshima kubwa kuliko zote katika muziki huo. Mwaka 2001 uliwaingiza akina Delmore. Mwaka huo huo uliwaingiza akina Louvin, na Ken Nelson yule wa mandolini pia, na ndugu wengine wawili waliojifunza kutoka kwa hawa, Don na Phil Everly. Jozi tatu za ndugu kwa mwaka mmoja.

Sasa kazi yenu. Tafuteni "Blues Stay Away from Me" ya akina Delmore ya mwaka 1949 na ile ya akina Louvin ya mwaka 1960, mzisikilize moja baada ya nyingine. Mara ya kwanza fuateni sauti ya chini peke yake. Mara ya pili, ya juu. Kisha mje mniambie mmempenda nani. Ila anzeni na wakubwa.