Jioni Mama Anapotaka Kwenda Kwao

Jua likizama hapa Kiseke, mama yangu hujifunga kanga, hubeba kikapu na kudai anakwenda kwao. Ukimbishia, anapiga kelele. Majirani walianza kunong'ona habari za uchawi, neno lililowaponza vikongwe wengi Usukumani. Kumbe ni ugonjwa wa Alzheimer: seli za ubongo zinakufa, na hasira, kutangatanga na kushuku wizi ni dalili zake.

Tiba ya fujo hizi huanza kwa kutafuta kinachomchokoza mgonjwa: maumivu, maambukizi ya njia ya mkojo (UTI), kufunga choo, kiu, kukosa usingizi, hata dawa nyingine anazotumia. Mama alipotibiwa UTI, fujo zilipungua. Sasa nawasha taa mapema, nazima redio, wala simbishii. Namwambia, "Haya mama, twende," tunazunguka uani, kisha tunaingia kula sato.

Dawa za kutuliza fujo huja mwisho, pale penye hatari, kwa dozi ndogo na muda mfupi. Mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba huongeza vifo kwa wazee wenye maradhi haya. Usizinunue kwa kubahatisha, muone daktari. Na ndugu mpokezane zamu, maana mlezi aliyechoka naye hukosa subira.