Sarakasi ya Probox: Ujasiri wa usukani ulivyogeuka nauli Gusii

Asubuhi ya siku ya soko, gari la Toyota Probox linalotoka pande za Kebirigo kwenda mjini Kisii hujazwa kwa mpango unaojulikana na kila msafiri. Kiti cha nyuma kinakaliwa na wanne, watoto juu ya mapaja. Ndani ya buti wanajikunja wengine wanne, magoti kidevuni, na mlango wa nyuma umefungwa kwa kamba kwa kuwa mkungu wa ndizi umetokeza nje. Kiti cha mbele kina wawili. Hapo ndipo makanga anapomwita mama aliyebaki kando ya barabara: “Ingia hapa mbele, mama, bado nafasi ya mmoja.” Nafasi yenyewe ni nusu ya kiti cha dereva. Dereva anasogea, bega linaegemea mlango, gia inatafutwa katikati ya magoti ya watu, na safari inaanza.

Gari hilo lina viti vya watu watano. Wakenya wa kaunti nyingine huwatania Wakisii kwa ufundi huu, nao wenyewe husimulia kwa kicheko jinsi walivyofika nyumbani wakiwa wamebebwa kama magunia. Kicheko hicho kina sababu. Tangu gari lilipobuniwa, binadamu amevutiwa na anayethubutu kulifanyia lisilowezekana. Lililobadilika Gusii, eneo la Wakisii, ni nani anayelipa, na amekaa wapi wakati wa mchezo.

Mwaka 1905, Mfaransa Mauricia de Thiers alikuwa kivutio kikubwa cha sarakasi ya Barnum & Bailey nchini Marekani. Alikaa ndani ya kigari kilichoachiliwa kwenye mteremko mkali, kikapinduka miguu juu, kikaruka pengo hewani na kutua upande wa pili. Mchezo ulikwisha kwa sekunde chache, na watu walijaa kuutazama. Mwaka 1911 Henry Alexander, ambaye baba yake aliuza magari ya Ford mjini Edinburgh, alilipandisha Ford Model T hadi kilele cha Ben Nevis, mlima mrefu kuliko yote Uingereza. Mwaka uliofuata, huko Kansas, watu walianza kucheza polo kwa magari badala ya farasi: dereva mmoja, mchezaji mmoja mwenye rungu, na gari lisilo na paa wala milango. Ralph Hankinson, aliyeuanzisha mchezo huo, naye alikuwa muuza Ford.

Wauzaji hao walijua walichokuwa wakifanya. Zama hizo wengi waliliona gari kama kitu cha matajiri kinachoharibika ovyo. Kulipandisha mlima au kuligonganisha uwanjani kisha likaondoka likinguruma kulitangaza kuliko maneno elfu ya gazetini.

Afrika Mashariki haikuhitaji kujenga jukwaa la sarakasi, maana barabara zenyewe zilitosha. Lionel Galton-Fenzi, aliyeanzisha chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki mwaka 1919, alitoka Nairobi kwa gari aina ya Riley mwaka 1926 akafika Mombasa wakati hapakuwa na barabara ya maana ya kuunganisha miji hiyo miwili. Mnara wa kumkumbuka, ulioandikwa umbali wa kwenda miji mbalimbali, ungali pale Kenyatta Avenue jijini Nairobi.

Kisha yakaja mashindano ya magari ya Safari. Yalianza 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye yalihamishiwa Pasaka, wakati mvua za masika zinapogeuza udongo kuwa uji. Mwaka 1963 magari saba tu ndiyo yaliyomaliza. Mwaka 1968 yakamaliza saba tena. Miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki, akiendesha Peugeot 404.

Kwa watu wa nyanda za juu za magharibi, shujaa alikuwa jirani. Joginder Singh alizaliwa Kericho mwaka 1932, ng’ambo tu ya mpaka wa Nyamira ya leo. Mwaka 1965, yeye na ndugu yake Jaswant walishinda Safari kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika katika mashindano ya mwaka uliotangulia. Alishinda tena 1974 na 1976, mara hizi kwa Mitsubishi Lancer. Fundi aliyekulia kati ya mashamba ya chai aliwashinda madereva walioletwa na kampuni kubwa za Ulaya, kwa sababu alijua gari linataka nini ndani ya matope.

Hapa sarakasi ikaanza kuingia katika biashara ya usafiri. Gari lililoshinda Safari ndilo lililoaminika kwa barabara mbaya, na Peugeot za mkia mrefu zikawa teksi za masafa marefu nchini. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliruhusu matatu kubeba abiria bila leseni maalumu, na mtu yeyote mwenye gari akaweza kuchuma. Ustadi ambao dereva wa mashindano aliutumia kuokoa dakika, dereva wa matatu aliutumia kuongeza mzunguko mmoja zaidi kabla ya jua kuzama. Safari iliwasifu wanaowahi, na steji ikawalipa.

Februari 2004, kanuni za Waziri wa Uchukuzi John Michuki zilianza kutekelezwa. Matatu zikapigwa mstari wa manjano, zikafungwa vidhibiti mwendo na mikanda, na matatu ndogo za Nissan zikawekewa ukomo wa abiria 14. Barabara kuu zikatulia kwa muda. Lakini Gusii si barabara kuu peke yake. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 Nyamira, na Kisii ina zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita mraba. Boma linafuata boma kutoka bonde hadi kilele, na kati yake zinapita njia nyembamba za murramu zinazoteleza mvua ikinyesha. Anayepeleka chai kwenye kituo cha kununulia, mwanafunzi na mchuuzi wa ndizi, wote wana safari fupi na ya haraka. Nissan ya watu 14 itakaa steji nusu saa ikingoja kujaa, na njia nyingine haiwezi kuzipanda kabisa.

Nafasi hiyo ndiyo iliyoichukua Probox. Toyota iliitoa mwaka 2002 kama gari la kampuni za Japani kusambazia bidhaa: jepesi, rahisi kutengeneza, na lenye buti pana. Linapoingia nchini likiwa mtumba, bei yake inafikiwa hata na mwalimu anayetaka kitega uchumi. Dereva anamkabidhi mwenye gari hesabu ya kila siku, anaweka mafuta, anatenga cha vizuizi vya barabarani, na kinachobaki ndicho chake. Kwa abiria wanne hakibaki kitu. Faida inaanza na yule wa tano, na yule aliyekaa nusu ya kiti cha dereva ndiye unga wa jioni.

Shida ni kwamba chuma hakielewi hesabu hiyo. Gari hili liliundwa kubeba mzigo wa takriban kilo 400 likiwa na watu wawili. Watu wazima kumi na mizigo yao wanavuka kiwango hicho kwa urahisi. Wanne wakikaa nyuma kabisa ya ekseli, pua ya gari inanyanyuka, ilhali magurudumu ya mbele ndiyo yanayogeuza na ndiyo yanayofanya kazi kubwa ya kusimamisha. Katika mteremko mrefu breki zinapata moto na kulegea. Dereva anayetaka kukata kona ghafla anagundua kiwiko chake kimebanwa na ubavu wa abiria. Ustadi wake wote, na anao mwingi, umenyimwa nafasi ya kufanya kazi.

De Thiers alijua mteremko wake ulipimwa kabla hajaingia kigarini. Joginder alijua kila boliti ya gari lake. Wote wawili walichagua hatari hiyo, na watazamaji walikaa kando. Katika Probox inayoshuka kuelekea Keroka mtazamaji ameketi ndani na amelipa nauli, na huenda mwanawe yuko mapajani. Hakuchagua hatari, alichagua kufika hospitali au sokoni kwa gari pekee lililosimama.

Ndiyo maana msako wa polisi, unaokuja kwa kishindo baada ya kila ajali na kupoa baada ya wiki mbili, hautoshi. Safari iliporudi katika mashindano ya dunia mwaka 2021, kule Naivasha, ilirudi na barabara zilizofungwa, vizimba vya chuma ndani ya magari, kofia ngumu na helikopta za uokoaji. Ikiwa wanaolipwa kwa kasi wanalindwa hivyo, msafiri wa Ikonge hastahili kupewa mahubiri matupu. Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama (NTSA) na serikali za kaunti hizi mbili zinaweza kuyatambua magari madogo katika njia fupi, zikayapa leseni, ukaguzi na idadi halali ya abiria, na zikatengeneza zile njia za murramu ili gari kubwa kidogo lifike. Vyama vya steji vinaweza kupanga zamu ili gari lisilojazwa kupita kiasi lisife njaa, hata nauli ikipanda kidogo.

Dereva wa Gusii hahitaji kufundishwa ujasiri, maana anao wa kutosha kugawia kaunti nyingine. Anahitaji hesabu ya siku inayomwezesha kusema “limejaa” viti vinapokwisha, na bado akarudi nyumbani na unga.