Kihisi Kimekufa? Kuhusu Kufasiri Hitilafu za Mfumo wa Mafuta katika Magari

1. Utangulizi

Miongoni mwa magari yanayopita katika barabara za Likasi, mengi yalikwisha kutumika Japani, yakashushwa katika bandari ya Dar es Salaam na kupitia Zambia hadi mpaka wa Kasumbalesa. Aghalabu hayana tena kabureta. Mafuta yake hupimwa na kompyuta ndogo inayotegemea taarifa za vihisi. Taa ya injini inapowaka, fundi huunganisha mashine ya uchunguzi, husoma msimbo, kisha hutoa hukumu: "Kihisi kimekufa." Mwenye gari hununua kingine kwa bei kubwa, na pengine baada ya siku mbili taa huwaka tena. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba kosa hilo si la ufundi peke yake. Ni kosa la kufasiri pia. Msimbo ni kauli, na kauli yapasa ipimwe kabla ya kuaminiwa.

2. Kazi ya vihisi

Kihisi, au capteur kwa Kifaransa cha gereji zetu, ni kifaa kinachogeuza joto, shinikizo au kiasi cha hewa kuwa ishara ya umeme. Kwa ishara hizo kompyuta hukadiria hewa iliyoingia katika injini, kisha huamua injekta zifunguke kwa muda gani. Uwiano unaotakiwa kwa petroli ni takriban kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya mafuta.

Katika bomba la moshi hukaa kihisi cha oksijeni, yaani sonde lambda, kilichoanza kutumika katika magari ya Volvo mwaka 1976. Kile cha aina ya kawaida hutoa takriban volti 0.1 oksijeni inapozidi, na takriban volti 0.9 inapopungua. Kikiwa kizima, na injini imekwisha kupata moto, volti hizo hupanda na kushuka bila kukoma. Kompyuta husahihisha kiasi cha mafuta kwa kufuata ushahidi huo, na mashine ya uchunguzi huonyesha masahihisho hayo kwa asilimia.

3. Maana tatu za kitenzi kimoja

Kitenzi "kufa", kinapotumiwa kwa kihisi, huficha hali tatu zilizo mbalimbali.

Hali ya kwanza ni ya kihisi kinachodanganya. Injini iliyolala usiku kucha yapasa kuwa na joto sawa na la hewa. Iwapo asubuhi, kabla ya kuwasha, kihisi cha joto la maji kinaonyesha nyuzi 80, ushahidi wake haufai.

Hali ya pili ni ya kihisi kisichosikika. Kihisi hicho hicho kikionyesha nyuzi 40 chini ya sifuri, yaelekea waya umekatika au kiungo chake kimechomoka, kwani baridi ya namna hiyo haijulikani Katanga. Hapa huchunguzwa waya kwanza.

Hali ya tatu, ambayo hupotosha wengi, ni ya kihisi kinachosema kweli juu ya ubovu ulioko pengine. Chukua msimbo P0171 katika magari yanayofuata kanuni ya OBD-II, iliyofanywa ya lazima Marekani kwa magari ya mwaka 1996 na kuendelea. Maana yake ni kwamba mafuta ni machache kuliko hewa inavyodai, haumtaji mkosaji. Huenda mpira wa hewa umepasuka, pampu imedhoofu, chujio limeziba, au vumbi limefunika kihisi cha hewa. Masahihisho ya mafuta yakiwa makubwa injini inapozunguka polepole, kisha yakapungua mzunguko unapoongezwa, shuku hewa inayovuja. Yakizidi kadiri injini inavyobebeshwa mzigo, pima shinikizo la mafuta.

4. Kauli na mahali pake

Wanaisimu twajua kwamba maana haitengani na muktadha. Kihisi nacho kina muktadha wake. Likasi iko takriban mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Injini ikiwa imezimwa, kihisi cha shinikizo la hewa hapa chapasa kuonyesha karibu kilopaskali 87, ambapo pwani kingeonyesha karibu 101. Fundi anayefuata kitabu kilichoandikwa kwa nchi za tambarare atakihukumu kihisi kizima. Kinyume chake, anayesoma 101 akiwa Likasi ndiye mwenye sababu ya kushuku.

5. Hitimisho

Tumeona kwamba neno moja limebeba mzigo wa maneno matatu, na gharama yake humwangukia mwenye gari. Tunapendekeza katika mafunzo ya ufundi zitumike kauli tatu zilizo wazi: kihisi kinadanganya, kihisi hakisikiki, kihisi kinashitaki. Kila kauli inadai kitendo chake: ya kwanza kubadili kihisi, ya pili kukagua waya, ya tatu kumtafuta anayeshitakiwa. Istilahi hizi hazihitaji mashine mpya wala fedha. Zinahitaji tu kwamba fundi na mteja wake, kabla ya kwenda dukani, wakubaliane ni ipi kati ya hizo tatu waliyoisikia.